Kocha Aliyekuja na Baba Yake

Shemeji yangu Patroba Kegode ni fundi wa majokofu katika ghala moja la vyakula huko Garland, kaskazini mashariki mwa Dallas. Majokofu yenyewe ni makubwa kiasi kwamba gari la mizigo huingia na kugeuza humo ndani. Ameyatunza miaka kumi na saba na hajawahi kuandikiwa barua ya onyo. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu wengi wanamjua Patroba kwa mpira wa kikapu tu, na mwaka huu kuna waliomcheka bila kujua ni mtu wa namna gani.

Mchezo huo aliupendea chuo cha ufundi mjini Kisumu, kwenye uwanja wa saruji uliokuwa na pete mbili zisizo na nyavu. Alipofika Texas akakuta vijana wa vyuo vikuu wanacheza mchezo ule ule mbele ya watu elfu kumi, naye akachagua timu ya kushangilia kabla hajapata leseni ya kuendesha gari. Leo ukimwuliza nani alikuwa kocha wa chuo fulani mwaka fulani, na kwa nini alifukuzwa, atakujibu bila kuacha kutafuna. Marehemu mume wangu, aliyekuwa kaka yake mkubwa, alizoea kusema kwamba kama Patroba angekariri Biblia jinsi anavyokariri makocha, tungekuwa na askofu katika familia.

Machi ndio mwezi wake. Zaidi ya timu sitini za vyuo huingia kwenye mashindano ya taifa, na ukifungwa mara moja tu umerudi nyumbani. Jumapili, baada ya ibada, watu hukusanyika sebuleni kwake. Mkewe Loice hupika kuku na chapati. Placide, Mkongo wa kutoka Fizi anayefanya kazi naye ghalani, huja na sombe, kisamvu alichopika mkewe. Kanana, muuguzi wa kutoka Meru, huja na mdomo wake. Nami hutoka Richardson kuungana nao, kwa sababu kwa miaka mitatu sasa tunayemtazama kwenye televisheni ni binti yangu Fiona, anayechezea Chuo Kikuu cha Cedar Fork na kusomea uuguzi huko huko.

Sina budi kueleza jinsi alivyoingia chuo hicho.

Kocha wa Cedar Fork, mwanamke aitwaye Dana Hollis, alikuja nyumbani kwangu kumwomba Fiona akachezee timu yake. Mume wangu alikuwa amefariki miezi saba iliyotangulia, kwa hiyo kiti cha baba alikikalia Patroba. Kocha alikuwa na kompyuta, picha za bweni na maneno mazuri kuhusu ufadhili wa masomo. Patroba alimsikiliza hadi mwisho, akamwongezea chai, kisha akamwuliza:

“Umekuja na nani?”

“Nimekuja mwenyewe.”

“Kwetu mtu haji peke yake kuomba mtoto wa watu. Nenda, urudi na mkubwa wako.”

Nilitamani sakafu inimeze. Vyuo vingine viwili vilikuwa vimeacha kupiga simu, na hapa shemeji yangu alikuwa anakifukuza cha tatu kana kwamba tunapokea posa. Lakini baada ya wiki mbili gari jeupe lilisimama mlangoni na Kocha Hollis akamshusha baba yake mzazi, mzee wa miaka sabini na minane, tarishi mstaafu wa posta kutoka Houston, amevaa suti na kofia. Yeye na Patroba walizungumza saa mbili nzima juu ya makanisa, mvua na mbwa wanaouma matarishi. Mwishowe Mzee Hollis akasimama.

“Binti yangu atakaa na binti yenu hadi siku atakapovaa joho,” alisema.

“Na binti yetu,” Patroba akajibu, “hatahama nyumba aliyoingia.”

Wakashikana mikono. Habari hiyo ilienea kanisani, na sitaficha kwamba nilijivuna. Watoto wa watu wengine walichukuliwa kwa barua pepe. Wetu aliombwa kwa heshima.

Sasa njoo Machi ya mwaka huu. Fiona alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa masomo na mmoja wa kucheza. Cedar Fork walishinda mchezo wa kwanza wa mashindano, na Jumapili hiyo walikuwa wanacheza wa pili. Wakati huo huo kiti cha kocha kilikuwa kimebaki wazi katika chuo kingine, Bayou Central cha Houston, ambacho kilikuwa kimemfukuza kocha wake kwa kushindwa kuingia mashindanoni mara nne mfululizo. Uvumi ulikuwa umeanza kutaja jina la Hollis.

“Papa Patroba,” Placide alisema wakati wa mapumziko, huku akimega chapati, “minakuambia ukweli. Ule mama ataenda.”

“Haendi.”

“Ataenda! Angalia mikono yake. Coach mwenye anabaki anafunga mikono hivi. Yeye anaziweka mfukoni. Ule iko anatafuta funguo za gari.”

Kila mtu akacheka isipokuwa Patroba.

“Placide, wewe ulisema hivyo hivyo juu ya yule wa Oklahoma.”

“Na si alienda?”

“Alienda baada ya miaka sita!”

“Donc, nilikuwa sawa. Nilikosea tu kalenda.”

Kanana alikuwa na simu mkononi, na simu ya Kanana ndiyo redio ya kanisa letu. “Anko Patroba, hebu sikia. Mkuu wa michezo wa Bayou Central alionekana juzi kwenye uwanja wa ndege wa Dallas. Alikuja kufanya nini? Kununua kofia?”

“Mtu akionekana uwanja wa ndege amesafiri. Ndiyo maana ya uwanja wa ndege.”

“Haya. Tutaona.”

Patroba akaweka sahani chini. Ndipo aliposema neno lililomgharimu. “Nisikilizeni nyote. Huyu kocha alikuja kwetu na baba yake mzazi. Mtu aliyekuja na baba yake haondoki kama mwizi. Dana Hollis atakuwa Cedar Fork siku Fiona atakapovaa joho. Akiondoka kabla, msiniulize tena habari ya mpira wa kikapu.”

Loice alimtazama mumewe kutoka mlango wa jikoni. “Baba, hawa ni Wamarekani. Mtu huhama na jirani hajui.”

“Neno ni neno, hata Amerika.”

Mchezo uliendelea. Zikiwa zimebaki dakika tatu Cedar Fork walikuwa mbele kwa pointi tano. Wapinzani wakabadilisha ulinzi, kila mchezaji akilinda eneo lake badala ya kumfuata mtu, na wasichana wetu wakaanza kupitishana mpira pembeni kama watu wanaoogopa kuingia maji baridi.

“Simamisha mchezo!” Patroba akaiambia televisheni. “Dana, simamisha, uwapange!”

Kocha hakusimamisha. Pointi tano zikawa mbili, mbili zikawa sifuri. Fiona, ambaye huingia mchezaji mmoja anapotoka, aliingia na kunyakua mipira miwili iliyogonga ubao, lakini katika sekunde nne za mwisho msichana wa upande wa pili alimpita kushoto akafunga. Sitini na tatu kwa sitini na moja. Mashindano yakaisha kwetu.

“Alikuwa na nafasi mbili za kusimamisha mchezo,” Kanana alisema. “Mbili. Amezibeba mpaka nyumbani. Huyo akili yake iko Houston.”

“Njo vile,” Placide akamwunga mkono polepole. Safari hii hakucheka.

Jumanne, saa nne asubuhi, nilikuwa ofisini. Fiona alinipigia akilia, na mimi najua kilio cha binti yangu. Huyo hakulia hata alipovunjika kifundo cha mguu. Kocha Hollis alikuwa amewaandikia wachezaji wote kumi na wanne ujumbe mmoja, katika dakika moja: ameondoka, anawapenda, anakwenda Bayou Central. Baada ya nusu saa akamwandikia Fiona peke yake: njoo nami, nafasi yako ipo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Akienda Houston, angecheza kwa kocha anayemjua, lakini chuo kile hakingekubali saa zake zote za mafunzo ya wodini, na angehitaji mwaka mwingine na nusu kumaliza uuguzi. Akibaki, angemaliza kwa wakati, lakini kocha mpya angeweza kumweka benchi mwaka mzima. Juu ya hayo yote lilikuwepo neno letu, kwamba binti yetu hatahama nyumba aliyoingia. Neno la upande wa pili lilikuwa limeshavunjika. La kwetu je?

Kwenye kundi letu la WhatsApp watu hawakumwacha Patroba apumue. Mmoja alituma picha ya kofia na kuuliza kama ndiyo iliyonunuliwa uwanja wa ndege. Mwingine aliandika, “Mwacheni mzee, anaongea na baba mkwe.” Patroba akanipigia mimi.

“Shemeji, Jumamosi tunakwenda Houston.”

“Kufanya nini?”

“Alikuja na baba yake kuomba. Basi nitamfuata kwa baba yake aniambie kwa mdomo wake. Na jibu letu tutalitoa hapo hapo, si kwa simu.”

Wengine wangemzuia. Mimi nilikubali. Baba mkwe wangu, yaani baba yake Patroba, alikuwa mwalimu mkuu huko Vihiga kwa miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kusema kwamba nyumba ya Kegode ilijibu jambo kubwa kwa kunyamaza. Placide akajitolea kuendesha, kwa kuwa ana binamu yake anayeishi Gulfton na barabara za Houston anazijua, na kwa kuwa, kama alivyosema mwenyewe, mzee haendi kudai neno na shemeji yake wawili tu kama watu wanaotoroka.

Njia nzima nilimpanga Patroba. Kuanzia Corsicana hadi Huntsville nilimwambia: ukifika sema hapana. Watoto wetu hawarukiruki kutoka chuo hadi chuo. Sema hapana, kwa adabu, tuondoke. Yeye aliitikia, “Ndiyo, shemeji,” kila baada ya maili kumi. Placide alikuwa anatabasamu kwenye kioo.

“Mama Fiona,” alisema, “wewe ungekuwa coach. Hauachi mtu apumue.”

Nyumba ya Mzee Hollis ilikuwa ndogo, ya matofali, yenye kibaraza na viti viwili vya chuma. Aliyefungua mlango alikuwa Kocha Hollis mwenyewe, amevaa soksi, na nyuma yake kulikuwa na maboksi yaliyofungwa kwa utepe wa gundi. Kutoka ndani sauti ya mzee ikasema:

“Ni wale wa Richardson? Nilikuambia watakuja. Wewe ukaniambia siku hizi hakuna mtu anayekuja.”

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha kuegemea. Alikuwa amepungua nusu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe juu ya kiwiko, na hakuna aliyehitaji kuniambia kitu, maana katika kanisa letu nusu ya akina mama hufanya kazi kwenye vituo vya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Patroba aliuona mkono huo pia. Alivua kofia.

“Mzee, nimekuja juu ya lile neno,” alisema.

“Najua. Nililitoa mimi, na nimelivunja mimi.”

“Hukulivunja wewe, Baba,” kocha akasema. “Bwana Kegode, ameanguka jikoni mara mbili tangu Januari. Mara ya pili alilala sakafuni hadi mchana. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Kiti cha Bayou Central kiko dakika kumi na tano kutoka hapa. Ningefanyaje?”

Nilijua anachofikiria Patroba, ingawa hakukisema hapo. Baba yake mzazi, yule mwalimu mkuu, alizikwa Vihiga wakati Patroba akiwa Garland akisubiri karatasi za uhamiaji, na mazishi aliyaona kwenye simu ya mtu. Kati ya watu wote waliokuwa Texas siku hiyo, yeye ndiye asiyeweza kumlaumu mtoto aliyemfuata baba yake.

“Hilo silidai,” alisema mwishowe. “Mtu akimrudia mzazi wake, mimi ni nani? Lakini ungekuja. Ulijua njia. Uliwaandikia watoto kumi na wanne ujumbe mmoja kana kwamba ni tangazo la kukatika maji.”

Kocha Hollis aliinamisha kichwa. “Kanuni zilinizuia kusema kabla ya tangazo.”

“Na baada ya tangazo?”

“Baada ya tangazo,” mwanamke huyo akasema, “niliogopa.”

Niliyapenda maneno hayo kuliko visingizio vyote ambavyo ningeweza kumtungia. Mzee Hollis akaagiza chai. Ililetwa ikiwa baridi, yenye barafu na limau, jinsi wanavyoinywa huko, na Placide akaitazama glasi yake kwa huzuni kubwa.

“Nafasi ya Fiona ipo,” kocha akasema. “Sikumwandikia kwa ajili ya kujisafisha. Nikiwa naye timu itakuwa bora. Mnasemaje?”

Nilimtazama shemeji yangu. Maili mia mbili na arobaini nilikuwa nimemlisha jibu, na alikuwa ameshafungua mdomo. Kisha akaufunga.

“Siku ile mlipokuja,” alisema, “Fiona alikuwa wapi?”

Swali lile lilinielekea mimi. “Alikuwa jikoni,” nikasema. “Alikuwa anakaanga mandazi.”

“Alikuja sebuleni?”

“Alileta chai.”

“Basi tuliahidiana miaka ya mtu, tena minne mizima, na mwenyewe ameshika birika. Mzee, wewe uliniahidi kwa mdomo wa binti yako, nami nikakuahidi kwa mdomo wa binti yetu. Wako angalau alikuwa ameketi nasi. Wetu hatukumwuliza kitu.” Akaniangalia. “Shemeji, nisamehe. Nilitoka nyumbani na jibu, lakini si langu kulitoa.”

Ningeweza kumkatiza. Mimi ndiye mama, na kule kwetu msemaji hanyang’anywi maneno ila na mkubwa wake. Lakini aliyoyasema yalikuwa kweli, na ukweli ukisemwa na mtu wa nyumba yako mwenyewe mbele ya wageni, heshima ni kuukubali. Nikatoa simu nikampigia Fiona, nikaiweka sauti juu, nikaiweka mezani kati ya glasi.

“Fiona,” Patroba akasema, “tuko kwa Mzee Hollis. Kocha yuko hapa. Swali lake ni lako. Jibu unavyotaka, hakuna atakayekukasirikia.”

“Anko? Wait. Mko Houston?”

“Jibu, mwanangu.”

Kisha binti yangu akazungumza, nusu Kiswahili nusu Kiingereza kama kawaida ya watoto waliolelewa hapa, lakini bila kutetemeka.

“Kocha, pole kwa Mzee. Ungeniambia ningeelewa. Lakini siji. Na Anko, Mama, isiwe mnadhani ni kwa sababu ya ile ahadi yenu. Ahadi sikuijua mpaka nilipoisikia kanisani. Ni kwa sababu mwezi wa nane naanza wodi ya watoto, na nimeingoja miaka mitatu. Kama kocha mpya ataniweka benchi, nitakaa benchi. Halafu nitamwonyesha kwa nini amekosea.”

Mzee Hollis alipiga mkono wake mzima kwenye goti. “Huyo ndiye uliyemwacha, Dana,” alisema, na kocha akacheka huku akifuta macho.

Tuliondoka baada ya mzee kutuombea. Alimshika Patroba mkono kwa muda mrefu, na hakuna aliyeahidi chochote.

Jumapili iliyofuata ilikuwa robo fainali, na sebule ya Garland ilijaa kuliko siku zote, maana wengine walikuwa wamekuja kwa ajili ya Patroba, si mpira. Fiona alikuwa amekuja nyumbani kwa siku mbili, ameketi sakafuni na sahani ya sombe. Kabla mchezo haujaanza Patroba alisimama na kuizima sauti ya televisheni.

“Nilisema Dana Hollis hataondoka. Ameondoka. Nilikosea.”

Walisubiri aendelee, atoe sababu. Hakutoa. Habari za Mzee Hollis na bandeji yake hakuzitaja, ingawa zingemtetea, kwa kuwa ugonjwa wa mtu si wake kuutangaza. Hapo ndipo nilipoona kwamba nyumba ya Kegode haikuwa imepungukiwa na kitu.

“Ulisema tusikuulize tena habari ya basket,” Placide akamkumbusha. “Miye niko na maswali mia moja. Nampelekea nani?”

“Mpelekee mkeo.”

“Yeye anajua kuliko wewe, papa!”

Kicheko kilikuwa kikubwa na hakikuwa na sumu. Kanana akangoja kipungue, kisha akainua simu yake. “Sawa, tumekusamehe. Lakini Cedar Fork wametaja watu watatu wanaoweza kuchukua kiti. Mmoja anapenda wachezaji warefu, mmoja anapenda wepesi, na wa tatu hata simjui. Anko, Fiona atafanya nini akija huyo wa wepesi?”

Watu wote wakamgeukia Patroba kwa mazoea. Alikuwa na maoni; niliyaona yakipanda kooni. Akachukua paja la kuku, akaelekeza kidole chake kwenye zulia.

“Mwenyewe amekaa hapo,” alisema. “Mwulizeni.”

Fiona akameza sombe na kujifuta mdomo. “Kwanza,” alisema, “kile kikapu cha mwisho si kosa la Kocha Hollis. Yule msichana nilimwachia kushoto mimi. Nilikuwa najua anapenda kushoto, na bado nikamwachia. Kwa hiyo akija wa wepesi, nitafanya mazoezi ya miguu tangu Mei. Na wewe, Aunti Kanana, acha kusoma simu. Mchezo umeanza.”